Mashariki mwa Kongo: miaka sita ya kwanza ya mtoto bado haina mwenyewe

Mtoto aliyezaliwa wilayani Rutshuru mwezi wa Juni 2022, siku zile Bunagana ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, atatimiza umri wa kuanza darasa la kwanza Septemba 2028. Hapo ndipo jina lake litaandikwa kwenye daftari la shule kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo mijadala ya elimu itaanza kumhusu: minervale, madawati, mishahara ya walimu, wingi wa watoto darasani. Lakini mambo ambayo mwalimu wa darasa hilo atamdai siku ya kwanza hayasubiri mwaka 2028. Kukaa na kusikiliza, kufuata maagizo mawili yanayofuatana, kueleza alichokiona jana, kushika kalamu, kungoja zamu yake bila kupigana: hayo yote yanajengwa kati ya kuzaliwa na umri wa miaka sita.

Miaka hiyo mtoto huyo ameipitisha wapi? Familia nyingi zilizokimbia Rutshuru mwaka 2022 zilifika Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma. Vita viliposogea Masisi, wengine walijazana Bulengo, Lushagala na Rusayo, upande wa magharibi wa mji. Mwezi wa Februari 2025, siku chache baada ya M23 kuchukua Goma, kambi hizo zilivunjwa na watu wakatakiwa kurudi walikotoka, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa zimebaki kuta tupu. Mtu mzima anaweza kuita kipindi hicho miaka mitatu ya taabu. Kwa mtoto wa umri huo, ndiyo maisha yake yote.

Sheria za nchi hazikumsahau kabisa. Katiba ya 2006 inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serkali, na tangu Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi ameanza kuitekeleza ahadi hiyo. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaitambua pia shule ya watoto wadogo, maternele, kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Tofauti iko kwenye mfuko: maternele haikuingizwa katika masomo ya bure na mtoto halazimiki kuipitia. Matokeo yake, nchini kote hafiki hata mtoto mmoja kati ya kumi wa umri huo anayehudhuria, na wanaohudhuria wengi ni wa mijini, ambao wazazi wao wana kazi ya mshahara au biashara iliyosimama.

Kisha linakuja lile linalowashangaza wengi. Benki ya Dunia inakadiria kwamba nchini RDC watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Takwimu hiyo ikitajwa, vidole huelekezwa kwa walimu, na ni kweli kwamba mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani, bila vitabu, na mshahara unaochelewa, hawezi kufanya muujiza. Lakini sehemu ya deni hilo ni ya zamani kuliko shule. Masomo ya bure yalifungua mlango kwa watoto ambao hakuna aliyewatayarisha kuuingia, na serkali ilihesabu walioingia bila kuuliza walikuja na nini.

Ujuzi wenyewe ni upi?

Wazazi wengi, wakiulizwa mtoto mdogo anatakiwa kujua nini, hujibu: kuhesabu hadi ishirini, kuandika jina lake, kusema bonjour. Hayo yanaonekana kwa wageni, ndiyo maana yanapendwa. Wataalamu wa makuzi ya mtoto wanatazama kitu kingine. Mtoto wa miezi sita anatoa sauti, mama anamjibu kwa sauti, mtoto anatoa nyingine; kwa macho ya jirani huo ni mchezo tu, kumbe ndipo mazungumzo yanapoanzia. Akikaribia mwaka mmoja anaonyesha kwa kidole, na mkubwa anayemtajia jina la kile anachokionyesha anampa neno wakati ule ule analolihitaji. Karibu na miaka miwili anaunganisha maneno mawili. Akifika miaka minne anauliza “kwa nini” mpaka watu wachoke, na nyumba inayomnyamazisha kila mara inampunguzia kitu ambacho shule itakuja kukitafuta.

Kuna pia ujuzi usio na jina la kawaida mitaani, wa kujizuia na kushika jambo akilini. Mtoto anayeweza kuambiwa “nenda ndani, chukua kikombe, halafu funga mlango” na akafanya yote matatu bila kukumbushwa, tayari ana nusu ya kile darasa la kwanza linachotaka. Ujuzi huo haufundishwi kwa kukariri. Unakua kwa michezo yenye masharti: kujificha na kungoja mtu amalize kuhesabu, kusimama ghafla ngoma inapokatika, kuruka kamba kwa zamu, nzango ambayo wasichana wa Kongo hucheza kwa miguu na makofi, ambapo ukikosea mwendo unatoka na mwingine anaingia.

Na vifaa? Viko. Mama wa Butembo anayechambua maharagi kabla ya kuyapika ana darasa zima kwenye sinia. Akimwachia mtoto wa miaka mitatu fungu dogo atenge mekundu na meupe, mtoto anajifunza kupanga vitu kwa aina. Akimwomba amletee matano, anahesabu kitu anachokishika, tofauti kabisa na kuimba “moja, mbili, tatu” huku akitazama dari. Vidole vinavyookota mbegu ndivyo vitakavyoshika biki. Vivyo hivyo kwa gari la waya, mpira wa majani ya ndizi, vifuniko vya chupa, na chukudu ndogo ambazo watoto wa Goma hujichongea wakiwaiga wakubwa wanaobeba mizigo. Mtoto anayechonga chukudu amepanga kazi, amekosea kipimo, amerekebisha. Ni ajabu kwamba wakubwa wengi huiita hiyo kupoteza wakati.

Ushahidi kutoka mitaa ya maskini

Hoja kwamba mambo haya yanahitaji majengo na pesa nyingi ilijaribiwa zamani, mbali na hapa, katika mitaa ya maskini ya Kingston, nchini Jamaica. Mwaka 1986 na 1987 watafiti, akiwemo daktari Sally Grantham-McGregor, waliwachukua watoto 129 wenye umri kati ya miezi 9 na 24, wote wakiwa wamedumaa kwa lishe mbaya. Baadhi walipewa chakula cha nyongeza. Wengine walitembelewa nyumbani mara moja kwa juma, saa moja, kwa miaka miwili, na wahudumu wa afya wa jamii waliomwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake kwa vitu vilivyotengenezwa kwa makopo, vitambaa na maboksi. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata kitu.

Miaka ishirini baadaye waliwatafuta tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wale ambao mama zao walitembelewa walikuwa wakipata mapato zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao, na walikuwa wamewafikia vijana ambao hawakudumaa utotoni. Chakula cha nyongeza peke yake hakikuacha alama ya muda mrefu kama hiyo. Wahudumu wale hawakuwa walimu. Walikuwa watu wa mtaa wenye elimu ya kawaida, waliopewa mafunzo na msimamizi.

Isichukuliwe kwamba chakula ni jambo dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 42 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na majimbo ya Kivu yamekuwa juu ya wastani huo, ingawa ndiyo yanayolisha miji kwa maharagi, viazi, maziwa na jibini ya Masisi. Mtoto mwenye njaa hachezi, anakaa. Uji wa masoso, yaani unga wa mahindi, mtama na soya, sambaza kidogo zilizosagwa, yai likipatikana, ni mambo ambayo mama wengi wa Bukavu wanayajua tayari. Kinachowakosesha ni bei na barabara zilizofungwa zaidi kuliko elimu ya lishe. Lakini somo la Jamaica linabaki: anayelishwa bila kuzungumzishwa bado anabaki nyuma, na misaada ya eneo hili kwa miaka mingi imehesabu vijiko kuliko maneno. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (OMS), UNICEF na Benki ya Dunia waliweka mambo matano pamoja katika mwongozo mmoja: afya, lishe, usalama, malezi yanayomsikiliza mtoto, na nafasi ya kujifunza mapema. Huku mashariki matatu ya kwanza hupata miradi vita vikiruhusu, mawili ya mwisho hubaki kwenye hotuba.

Maternele ya mjini si jibu la yote

Goma na Bukavu zina maternele nyingi za binafsi na za makanisa, na baadhi ni nzuri. Lakini mzazi akilipa anataka kuona alicholipia, na kinachoonekana haraka ni daftari lililojaa herufi na shairi la Kifaransa siku ya kufunga mwaka. Basi mtoto wa miaka minne anakalishwa asubuhi nzima akinakili “a” ambayo hajui inatumika wapi, uwanja uko nje na hauguswi. Shule inamridhisha mzazi huku ikimnyima mtoto kile alichokwenda kukitafuta.

Suala la lugha liko katikati ya jambo hili. Sera ya nchi inataka watoto waanze shule ya msingi kwa lugha ya taifa, na kati ya 2015 na 2021 mradi ACCELERE!, uliolipiwa na Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya kusomea kwa Kiswahili, Lingala na Ciluba. Wazazi wengi hawakufurahi. Waliona watoto wao wanarudishwa nyuma wakati Kifaransa ndicho kinachofungua ofisi. Hofu yao ina msingi, lakini hesabu yake imekosewa. Mtoto wa Walungu anayeweza kusimulia kwa Mashi jinsi mbuzi alivyokatika kamba, nani alimkimbiza na mwisho wake ulikuwaje, ana uwezo wa kusimulia. Akikutana na Kiswahili na baadaye Kifaransa ataubeba nao. Mtoto anayejua maneno hamsini ya Kifaransa bila kuweza kuunga kisa katika lugha yoyote, ana maneno hamsini tu. Bibi anayetoa hadithi jioni kwa Kinande au Kihunde anafanya kazi ya elimu, na hakuna anayemwambia hivyo.

Vita vinagusa pia sehemu ambayo macho hayaioni. Mtoto aliyekimbia risasi mara mbili au tatu, anayelala akisikia milipuko, mwili wake unabaki kwenye tahadhari hata siku za kimya. Darasani anaonekana mtukutu au mzito, kumbe usikivu wake wote uko mlangoni. Wilayani Beni na Djugu kuna watoto waliofika miaka sita bila kupitisha mwaka mmoja mahali pamoja. Kinachojulikana ni kwamba mkubwa mmoja aliye karibu, anayemjibu, anayemkumbatia na kufuata utaratibu ule ule kila jioni, hupunguza sana madhara hayo. Ugumu ni kwamba mkubwa huyo naye amekimbia, amefiwa, na saa kumi na moja asubuhi tayari yuko njiani kwenda shambani au sokoni.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye mipango yote humsahau: dada wa miaka tisa. Katika nyumba nyingi za Kivu na Ituri ndiye mlezi halisi wa mchana, mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa kifuani. Semina za malezi huwaita kina mama, mara chache kina baba, ambao wangeweza kufanya mengi kama wangeacha kuona aibu ya kuchezesha mtoto mbele ya watu. Dada haalikwi kamwe. Yeye mwenyewe mara nyingi amekosa shule kwa sababu ya kazi hiyo, kwa hiyo ukosefu wa mahali pa kuwaweka wadogo unagharimu watoto wawili kwa wakati mmoja. Hili peke yake lingetosha kuifanya maternele ya kijiji iwe suala la elimu ya wasichana, kama wizara ingependa kulitazama hivyo.

Mlango ambao tayari uko wazi

Mpango wa serkali wa elimu wa 2016 hadi 2025 ulitaja njia rahisi kuliko kujenga maternele kila kijiji: maeneo ya kijamii ya kuwaamsha watoto, yanayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa ECE. Chumba cha kanisa, kivuli cha mwembe, mama wawili waliofundishwa, vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa hapo hapo. UNICEF na mashirika mengine yameyasaidia katika majimbo kadhaa. Udhaifu wake unajulikana: mama walezi hulipwa na wazazi kwa unga au faranga chache, mradi ukiisha wanarudi shambani, na eneo linafungwa bila mtu kutangaza. Kambi za Goma zilikuwa na maeneo ya watoto ya aina hii. Yaliondoka pamoja na maturubai.

Kuna mlango mwingine, ambao mama wa Kongo wamezoea kuupita. Ni CPS, siku ambayo kituo cha afya hupima watoto walio chini ya miaka mitano, kuangalia uzito kwenye kadi, kutoa chanjo na vitamini A. Hata katika maeneo yasiyo na shule, mara nyingi kuna kituo cha afya na benchi la mama wanaongoja. Wanangoja saa nyingi. Saa hizo zingeweza kuwa za kuonyeshana jinsi ya kucheza na mtoto wa miezi minne, na nini cha kutazama kwa mtoto wa miaka miwili ambaye bado hajasema neno. UNICEF na OMS walitoa mwaka 2012 mafunzo kwa wahudumu wa afya kwa ajili ya kazi hiyo hasa, na ushauri wake unaingia katika dakika chache za mazungumzo na mama mmoja mmoja.

Wauguzi wanajua tatizo la CPS: baada ya chanjo ya surua ya miezi tisa, mama wengi hawarudi tena. Waje tena kufanya nini? Kwa bahati mbaya umri huo ndio mtoto anapoanza kutembea, kuonyesha vitu na kutafuta maneno, na pia ndipo kudumaa kunapoanza kuonekana wazi. Mama akipata jambo jipya la kujifunza kila anapokuja, ana sababu ya kurudi, na uzito wa mtoto utapimwa pia. Mtoto asiyesikia vizuri au asiyeona vizuri, ambaye leo hugunduliwa darasa la pili akiwa ameitwa mjinga mwaka mzima, angejulikana mapema.

Faida nyingine ya njia hii ni ya kisiasa, ingawa hakuna anayependa kuitaja. Tangu Januari 2025 Goma, na tangu Februari Bukavu, ziko chini ya utawala wa M23. Benki zilifungwa, mishahara ya walimu imekuwa fumbo, na chochote kinachopitia wizara huko Kinshasa kinakwama njiani. Vituo vya afya, pamoja na uhaba wa dawa, vimeendelea kupokea watu pande zote mbili za mstari wa vita. Ushauri wa jinsi ya kuzungumza na mtoto hauhitaji gari wala ghala, na redio za jamii za Uvira, Beni au Bunia zinaweza kuurudia kwa Kiswahili kila asubuhi.

Fedha zimepungua pia. Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini RDC. Ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada hiyo mwanzoni mwa 2025, na shirika la USAID likafungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huo. Katika kupunguza, miradi ya watoto wadogo huwa ya kwanza kukatwa, kwa sababu hakuna anayekufa mara moja inapofungwa.

Kwa hiyo macho yanageukia kwa wale wanaobaki baada ya miradi kuondoka, hasa wahudumu wa kijamii wa afya, wanaojulikana kila mtaa kwa jina la reko. Ndio wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo ya polio, wanaoitwa kipindupindu kinapozuka, waliosimama mbele wakati wa Ebola huko Beni na Butembo kati ya 2018 na 2020. Kazi iliyofanyika Kingston ndiyo kazi wanayoweza kuifanya, kwa sababu wanajua kila nyumba na kila mtoto kwa jina. Lakini reko ni watu wa kujitolea, wanaopata faranga kidogo siku za kampeni na shukrani siku nyingine. Wengi tayari wamebeba kazi za malaria, lishe, chanjo na usafi. Jamaica ilifaulu kwa sababu yule mhudumu alirudi kila juma kwa miaka miwili, akiwa na mtu wa kumsimamia na malipo mwisho wa mwezi. Maeneo ya afya yanayotaka kuwaongezea reko kazi hii yatalazimika kwanza kuamua ni ipi kati ya zile za zamani itaondolewa mabegani mwao, na ni nani atakayewalipa miezi isiyo na kampeni.